Krosova ya Kogure Shunzo

Nobuyo alipofungua geti alasiri ile, kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kuvua viatu. Tangu asubuhi alikuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee anakofanya kazi, akiwainua, akiwageuza, akiwabembeleza wanywe supu, na kiuno kilikuwa kinawaka moto. Lakini hakufika mlangoni. Kutoka kwenye banda la nyuma ilisikika sauti ya mwanamke akiimba, ikakatika katikati ya neno, kisha ikaja sauti ya mumewe.

"Mama! Umerudi? Hebu njoo usikie kidogo."

Nobuyo aliijua hiyo "kidogo". Akaweka mkoba wake barazani na kuzunguka nyumba.

Banda lilikuwa la marehemu baba mkwe, aliyekuwa mfumaji wa hariri kama nusu ya watu wa mji wa Kiryu enzi hizo. Mitambo ya kufumia iliuzwa kama chuma chakavu zamani, ila mbao za sakafu bado zilinuka mafuta yake. Mahali ilipokuwa mitambo sasa zilisimama spika mbili, kila moja ndefu kumzidi Nobuyo. Chini lilikuwa sanduku la mbao nene lenye spika ya besi pana kama beseni. Juu yake lilikaa tarumbeta la mbao, mdomo wazi, ambalo mumewe, Shunzo, alilichonga kwa mikono yake, ubao juu ya ubao, akalipiga msasa mpaka likang'aa kama bakuli la wageni. Nyuma ya tarumbeta, ndani ya kopo zito la chuma, ndiko zilikotoka sauti nyembamba zote.

Shunzo alikuwa amepiga magoti sakafuni, miwani imeteremka puani. Mbele yake lilikuwa limetandazwa lile jambo lililowashinda wote wawili kwa miaka: krosova. Kwa macho ya mtu wa nje ilikuwa ubao tu wenye koili za waya wa shaba, kapasita na rezista, vimeunganishwa kwa vibanio. Kazi yake ni kuugawa muziki mara mbili, sauti nzito ziende kwenye besi, nyembamba ziende kwenye tarumbeta, na pale zinapokutana msikilizaji asijue kuwa kuna mahali zinakutana. Kuisema ni rahisi.

"Kaa hapo katikati," Shunzo alisema. "Sikiliza. Hii ya kwanza."

Mwanamke akaimba. Kila alipofikia herufi ya "s", ilimwingia Nobuyo sikioni kama sindano.

Shunzo akahamisha kibanio kimoja. "Na hii ya pili." Sindano ikawa msumari. "Ipi?"

"Ya pili," Nobuyo alisema.

"Kweli?"

"Kweli, Baba. Ya pili ni nzuri."

Shunzo akatabasamu na kushika kalamu. Nobuyo akanyanyuka, akaenda kuosha mchele.

Siku zote alijibu "ya pili". Mwanzoni haikuwa hivyo. Miaka ile ya kwanza, Shunzo alipostaafu idara ya ishara za reli na kuanza kukata mbao, Nobuyo alisikiliza kwa moyo wote. Ikiwa ya kwanza ndiyo nzuri, alisema ya kwanza. Lakini aligundua kwamba akisema ya kwanza, Shunzo anarudisha vibanio vilipokuwa, halafu anaingiwa na shaka, halafu inakuja ya tatu, na ya nne, na wali unaungua. Akisema ya pili, vibanio vinabaki vilipo na kila mtu anaenda zake. Alijifunza hivyo polepole, bila kukusudia, jinsi mguu unavyojifunza kukwepa ngazi mbovu.

Tatizo ni kwamba kwa mwendo huo sauti za juu zilizidi kupanda. Shunzo alikuwa akilalamika kuwa spika zina giza. "Matoazi hayapumui," alisema. "Kama mtu kafunika kitambaa." Basi akapunguza rezista iliyokuwa ikilizuia tarumbeta lisipige kelele kuliko besi. Kisha akaweka kikapasita kando ya ile rezista, ili sauti za juu kabisa zipate njia ya mkato. Kisha akaweka kikubwa zaidi. Kila hatua alimwita Nobuyo, na kila hatua Nobuyo alisema ya pili.

Sunaga, rafiki wa Shunzo, alikuja Jumapili. Sunaga alikuwa na duka la miwani karibu na kituo cha treni, sasa kamwachia mkwewe, naye pia alijitengenezea spika nyumbani, ndogo kuliko za Shunzo na, kwa maneno yake mwenyewe, zenye adabu zaidi. Alikaa kwenye kiti cha katikati, akasikiliza upande mzima wa santuri, huku akijisugua nyuma ya sikio kwa kidole.

"Vipi?" Shunzo aliuliza.

"Kogure," Sunaga alimwita kwa jina la ukoo, "hii sauti inanyoa ndevu."

Shunzo akacheka. "Wewe umezoea spika zako za kulaza watoto."

"Za kwangu zinalaza watoto, zako zinaamsha maiti. Nakwambia kweli, huku juu kumezidi. Hebu nije na maikrofoni yangu tupime. Tunaweka hapa unapokaa, kompyuta inachora mstari, tunaona wapi kuna mlima na wapi kuna shimo. Nusu saa tu."

"Maikrofoni inasikiliza muziki?"

"Haisikilizi muziki. Inapima."

"Basi ikapime mvua. Mimi nilikaa relini miaka yote ile nikizijua relei, zile swichi za taa za ishara, kwa mlio wake, ipi inataka kufa na ipi nzima. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya."

Sunaga akamtazama Nobuyo, aliyekuwa ameingia na chai. Ilikuwa mara moja tu, kama mtu anayeuliza njia. Nobuyo akaweka vikombe chini na kuyashusha macho.

"Shemeji yeye anasemaje?" Sunaga aliuliza.

"Mama anasema ni nzuri," Shunzo alijibu kabla yake. "Tena yeye ndiye sikio langu la pili."

Kila majira ya kuchipua, chama cha watengeneza spika wa eneo lile kilikodi ukumbi wa jumuiya, na kila mwanachama aliyemaliza kazi yake aliileta wenzake waisikie. Shunzo alikuwa akihudhuria mwaka hadi mwaka, amekaa safu ya nyuma, mikono mitupu. Wakimuuliza alisema bado krosova. Ikawa utani wao: mtu akichelewa kulipa, akichelewa kuoa, walisema bado krosova. Mwaka huu alijiandikisha.

Waliyabeba masanduku kwa lori dogo la kukodi, Shunzo na Sunaga wakisukumana kama vibarua wa bandarini na kutukanana njia nzima. Nobuyo aliomba ruhusa kazini, akatengeneza maki, wali uliokunjwa ndani ya mwani, na kufinyanga matonge ya wali ya kutosha watu wote. Ukumbi ulijaa, wanaume wengi wa umri wao, na wanawake wachache walioletwa kwa nguvu. Shunzo alivaa koti la suti. Alipounganisha waya wa mwisho aliukagua mara tatu; Nobuyo akamhurumia, na akaogopa.

Alichagua santuri ile ile ya mwanamke.

Mwanzoni watu walikaa kimya, wameinamisha vichwa kama desturi. Halafu matoazi yaliingia. Mama mmoja wa safu ya mbele akainua mkono na kufunika sikio, akajifanya anatengeneza nywele. Mzee aliyekuwa pembeni yake alitoa kifaa chake cha usikivu na kukitia mfukoni. Mtu akaenda chooni, akafuatwa na mwingine. Shunzo hakuona. Alikuwa amesimama kando ya amplifaya, macho amefumba, na usoni ana ile furaha ambayo Nobuyo hakuwa ameiona tangu binti yao Chiharu alipozaliwa.

Wimbo ulipoisha walipiga makofi. Walipiga makofi kwa heshima sana, na kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwenyekiti, mzee Oginuma, alisimama. "Kazi ya mbao hii, Bwana Kogure, sijawahi kuona. Yaani mikunjo ya lile tarumbeta... Huenda ukumbi wetu una kuta ngumu. Je, ungeweza kupunguza kidogo huku juu, tuusikie wimbo wa pili?"

"Kupunguza?" Shunzo alisema. "Lakini juu ndiyo kwanza panatosha."

Mtu alikohoa. Shunzo akawatazama mmoja mmoja, bado anatabasamu, akisubiri mtu wa kumuunga mkono. Sunaga akanyanyuka, akamwendea, akamshika kiwiko. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Kogure. Husikii?"

"Nisikie nini?"

"Basi. Tukae. Tutaongea."

Shunzo alimgeukia mkewe. Nobuyo alikuwa amekaa karibu na mlango, sahani ya wali mapajani, na kabla hajaupanga uso wake, Shunzo alishausoma.

Wakati wa kurudi Sunaga alikaa nyuma pamoja na mizigo, akisema anazilinda spika zisianguke. Mbele walikuwa wawili. Walivuka daraja la Mto Watarase. Kwenye taa nyekundu Shunzo aliuliza, akitazama mbele:

"Ulijua?"

"Nilijua inaumiza masikio."

"Tangu lini?"

"Sijui. Kama miaka mitatu. Labda minne."

"Na kila siku nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nzuri."

"Nilikujibu ya pili," Nobuyo alisema. "Baba, nilikuwa nimechoka. Ninarudi nimetoka kubeba watu wazima mgongoni, unaniuliza ipi. Nilikuwa sijali ipi. Nilitaka kukaa chini."

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi ndipo Shunzo akaondoa mguu kwenye breki. Hakumfokea. Nobuyo angependa amfokee.

Daktari wa masikio alimfungia Shunzo kwenye chumba kidogo kama kabati, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Nobuyo alisubiri nje ya kioo. Alimwona mumewe akibonyeza, akibonyeza, halafu akakaa tu na kitufe mkononi, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri treni. Mashine ilikuwa bado inalia. Muuguzi alikuwa anaandika.

"Huku chini na katikati," daktari alisema akionyesha mchoro, "una masikio mazuri kuliko yangu. Lakini ona hapa. Mstari unaporomoka. Sauti nyembamba za juu zimekutoka karibu zote. Ulifanya kazi kwenye kelele?"

"Relini."

"Na utotoni?"

Shunzo akafikiri. "Nyumbani kulikuwa na mitambo ya kufumia. Mama alikuwa akituita chakula kwa kupunga kitambaa. Kuita kwa mdomo kulikuwa hakuna maana."

Daktari akaitikia kwa kichwa kana kwamba anamjua mama huyo. Alisema kilichoondoka hakirudi, na akaandika jina la duka la vifaa vya usikivu.

Shunzo alifunga banda. Hakusema kwamba anafunga, aliacha tu kwenda. Nobuyo aliporudi kutoka kazini hakuna aliyemwita. Alivua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka, na siku chache za mwanzo alilala usingizi mzito kama mgonjwa aliyepona homa. Hili ndilo alilokuwa akiliomba miaka yote. Lakini chumba cha pili televisheni ilinguruma kwa sauti kubwa, mieleka ya sumo, habari, matangazo ya dawa za mgongo, na mbele yake alikaa mtu asiyetazama. Akimwambia apunguze, alipunguza. Akimuuliza atakula nini, alisema chochote. Mtu mmoja wa kumhudumia kwa kimya aliongezeka kwenye orodha ya wale wa kazini, na huyu hakuwa na zamu ya kuisha.

Chiharu alipiga simu kutoka Saitama. "Baba yukoje?"

"Yupo."

"Na wewe?"

"Nipo pia," Nobuyo alisema, na akashangaa kuona machozi yanamtoka.

Siku moja ya mapumziko, mvua ya masika ikinyesha, alichukua ufunguo na kwenda bandani mwenyewe. Vumbi lilikuwa limeanza kukaa kwenye midomo ya matarumbeta. Ubao wa krosova ulikuwa bado sakafuni na vibanio vyake, vile vile ulivyorudi kutoka ukumbini. Alisimama akiutazama. Alihisi hasira kali sana dhidi ya kile kidude: kimewalia miaka na bado kinalala pale hakijaisha, na kisipoisha leo kitalala pale mpaka mmoja wao afe, na yule atakayebaki ndiye atakayekizoa.

Akarudi ndani, akazima televisheni.

"Baba, simama. Twende tumalize."

"Tumalize nini?"

"Hilo dude lako. Nimempigia Sunaga, anakuja na maikrofoni yake."

"Mimi sisikii, Nobuyo." Mara chache sana alimwita kwa jina. "Unataka nirekebishe nini nisichokisikia?"

"Wewe una mikono, mimi nina masikio, Sunaga ana kompyuta. Na leo nakuambia mapema: nitasema kweli, usije ukanuna."

Sunaga aliingia amelowa, kompyuta kaifunga kwenye mfuko wa takataka ili isinyeshewe. "Nimekuja kupima mvua," alisema. Shunzo hakucheka, lakini alimvutia kiti.

Maikrofoni, nyembamba kama kalamu, ilisimamishwa mahali pa masikio ya msikilizaji. Spika ikatoa mlio uliopanda kutoka kishindo cha chini mpaka filimbi. Kwa Shunzo mlio ule uliisha mapema, na aliwatazama wenzake wakiendelea kukunja nyuso kwa kitu ambacho kwake kilikuwa kimya. Kisha mstari ukatokea kwenye kompyuta. Upande wa kulia, wa sauti za juu, ulikuwa umepanda kama paa.

"Mungu wangu," Shunzo alisema.

"Mlima Akagi huo," Sunaga alisema. "Na theluji juu."

Shunzo aliutazama muda mrefu. Halafu akapiga magoti, akaitoa ile kapasita kubwa aliyoiongeza kando ya rezista, na badala ya rezista ile akaweka nyingine kali zaidi. Aliweka santuri. Nobuyo akakaa katikati.

"Bado," alisema.

Akabadilisha.

"Bado, inachoma mwishoni mwa maneno."

Akabadilisha tena.

"Sasa imezidi kuzimika. Kama anaimba akiwa chooni."

"Chooni kwa nani?" Sunaga aliuliza.

"Kwako."

Shunzo akarudisha kikapasita, safari hii kile kidogo kabisa alichokitumia mwanzo wa yote. Mwanamke akaimba. Nobuyo alisikiliza ubeti mzima, na alipofika mwisho aligundua kuwa mabega yake, ambayo ndani ya banda hilo yalikuwa yakipanda yenyewe, yalikuwa yametulia.

"Hapo," alisema. "Hapo haiumi."

"Una hakika?"

"Baba, nimekuambia nitasema kweli. Hapo."

Kwa Shunzo ilikuwa kama mtu ameingia na kuzima taa. Matoazi yalitoweka kabisa, akabaki anaona santuri ikizunguka chini ya sindano na kukumbuka yalipaswa kuwepo wapi. Aliuma mdomo. Sunaga alianza kukunja waya za maikrofoni.

"Ngoja," Shunzo alisema.

Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya relini.

"Rudisha mwanzo. Huyu mwanamke akipanda pale katikati, si anahama?"

"Anahama vipi?"

"Anaanzia kwenye sanduku. Akifika pale anaingia ndani, anakuwa kama yuko nyuma ya mlango. Halafu anatokea kwenye tarumbeta. Watu wawili wanaimba. Hamsikii?"

Walirudia. Nobuyo alisikiliza kwa bidii, akasikia wimbo tu. Sunaga alikuna kichwa, akafungua kompyuta tena, akaukuza mstari. Pale katikati, mahali besi inapolikabidhi tarumbeta sauti, kulikuwa na shimo dogo, si refu, jembamba. Miaka yote lilikuwepo. Shunzo alikuwa ameshughulika na juu hata akalipita.

"Lipo," Sunaga alisema taratibu. "Kogure, lipo kweli."

Shunzo alikuwa ameshainuka. Hakumwomba mtu msaada. Akageuza nyaya za tarumbeta, chanya mahali pa hasi, na shimo likawa pana zaidi, sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Akazirudisha. Basi si nyaya, akasema peke yake, ni mwendo. Sauti ya tarumbeta inatoka ndani kule nyuma na ya besi inatoka mbele, hazifiki pamoja. Akalikumbatia tarumbeta kwa mikono miwili na kulisogeza mbele juu ya sanduku, upana wa kidole, akasikiliza. Kidole kingine. Mdomo wa tarumbeta ukatokeza nje ya sanduku kama mdomo wa bata, na baada ya kazi yote ile ya msasa lilikuwa jambo la kuchekesha kulitazama.

"Litaanguka," Nobuyo alisema.

"Litapigiliwa. Nyamazeni."

Akasogeza tena kidogo, akarudisha nyuma nusu yake, na la spika ya pili akalisogeza vivyo hivyo. Kisha akatulia, kiganja kimoja bado kiko juu ya mbao. Mwanamke alianza chini, akapanda, akapita pale mahali, akaendelea. Hakuhama. Alikuwa mtu mmoja, amesimama kati ya spika mbili, ana kifua na ana koo.

Shunzo hakuuliza ipi. Alisimama hivyo mpaka wimbo ukaisha, na hata santuri ilipokuwa inazunguka bure hakuenda kuinua sindano. Akapangusa uso kwa mkono wa shati, akasema vumbi la humu ndani limezidi.

"Unasikiaje?" Nobuyo alimuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza swali kwenda upande huo.

"Huku juu kumefunikwa blanketi," alisema. "Lakini yupo. Namsikia yupo."

Kesho yake aliondoa vibanio na kuunganisha krosova kwa risasi ya kulehemu, kila kiungo, akaifungia ndani ya sanduku lake na kukaza skrubu. Alinunua vifaa vya usikivu pia, akavilaani wiki nzima. Kwa maongezi vilimfaa. Kwa muziki alisema vinageuza kila kitu kuwa bati, kwa hiyo akiingia bandani alivivua. Kuna siku alitoka humo ametulia. Kuna siku nyingine aliweka santuri, akakaa dakika chache, akazima, akaja kukaa jikoni, na Nobuyo hakumchokoza. Jambo hilo halikuwa na dawa, na wote wawili walikuwa wamechoka kujifanya kila jambo linayo.

Lakini aliacha televisheni. Akaanza kupika siku ambazo Nobuyo ana zamu: samaki kwenye miso, rojo la soya iliyochachushwa, akiutia miso mwingi mno, tambi pana za Kiryu zilizoiva kupita kiasi.

Majira ya baridi yalipokaribia, Sunaga alipita kuuliza kama ataziandikisha tena spika kwa ajili ya ukumbi. Mzee Oginuma ameuliza mara mbili, alisema. Anataka kusikia wimbo wa pili.

Shunzo alikuwa anamenya figili. "Huku juu ni kwa Mama," alisema. "Mimi ni wa katikati tu. Muulize yeye."

Sunaga akamgeukia Nobuyo, aliyekuwa amerudi sasa hivi na bado amevaa koti.

"Shemeji, unasemaje? Tuzipeleke?"

Nobuyo alifikiri juu ya lori, ngazi za ukumbi, wali wa kufinyangia watu wote wale. Alifikiri juu ya uso wa mumewe amefumba macho mbele ya watu.

"Tuzipeleke," alisema. "Lakini mtazibeba nyinyi, na chakula kila mtu atajiletea. Mimi nitakaa mbele, nisikilize."

Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akaanza kufungua kamba za viatu.